Kijiti, uzi au brashi ndogo? Kwa anayenaswa na nyama kwenye magego yale yale

*"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 41, naishi Morogoro. Kwa miaka kama mitatu sasa, kila nikila nyama au embe, nyuzi zinanasa katikati ya magego mawili yale yale, chini upande wa kulia, na siwezi kutulia mpaka nichokonoe. Natumia kijiti cha meno, na kikikosekana natumia njiti ya kiberiti. Naona mwanya unazidi kukua. Mke wangu aliniletea uzi wa meno, nikautumia siku mbili, fizi zikatoka damu nikaacha. Kazini wananiambia uzi unaachanisha meno, tena nikienda kusafishwa kwa mashine ndiyo yatalegea kabisa. Mswaki napiga asubuhi na usiku, na nasukutua kwa maji ya chumvi. Niendelee na kijiti, nirudi kwenye uzi, au ninunue vile vibrashi vidogo ninavyoviona kwenye maduka ya dawa? Na huu mwanya utajifunga?"*

Habari za kazi ni nzuri, ndugu yangu, na ahsante kwa kueleza kwa undani. Umeuliza kuhusu vifaa, nami nitavijibu kimoja kimoja, lakini maneno yaliyonishtua katika barua yako ni mawili tu: "yale yale". Mtu anayenaswa na nyama leo huku, kesho kule, amekula nyama ngumu tu. Anayenaswa mahali pamoja kwa miaka mitatu ana kasoro mahali hapo, na kasoro hiyo ina jina hata kama bado hujaambiwa.

Magego mawili yenye afya hugusana kwa nguvu kiasi kwamba uzi mwembamba ukipita katikati unasikia kama mlio mdogo, "tk". Mguso huo ndio mlango unaozuia chakula kushuka kwenye ufizi. Ukifunguka, kila unapotafuna, jino la juu linakishindilia chakula katikati kama mchi kwenye kinu. Sababu za kufunguka ni chache na zinajulikana. Huenda jino limetoboka ubavuni, mahali usipoweza kupaona kwenye kioo. Huenda liliwahi kuzibwa na ubavu wa dawa haukujengwa ukafikia jirani yake. Huenda jino la karibu liling'olewa, haya yaliyobaki yakaanza kuinama kuelekea kwenye pengo. Au mfupa unaoshika mizizi umepungua, jino likasogea. Hakuna kijiti, uzi wala brashi inayotibu lolote kati ya hayo. Kwa hiyo pokea ushauri huu wa vifaa ukijua kwamba safari ya kwa daktari wa meno ipo pale pale.

Sasa tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Kuondoa chakula kilichonasa na kuondoa ukoga ni kazi mbili. Chakula unakisikia, kinakukera, unakitoa, unapata raha. Ukoga hauusikii. Ni utando laini, wenye rangi inayokaribia ya jino lenyewe, uliojaa bakteria walioshikamana na jino na kushikana wao kwa wao kwa kitu kinachonata kama gundi. Bakteria hao wakipata sukari au wanga hutengeneza asidi inayolainisha jino, na sumu zao huuchokoza ufizi mpaka uvimbe. Kinachoharibu meno hasa ni huo utando. Ule uzi wa nyama, pamoja na kero yake yote, si mkosaji mkuu. Mtu anaweza kuchokonoa mara tano kwa siku, asiwe na hata chembe ya nyama mdomoni, na ukoga ukabaki umekaa kwenye mbavu za meno kama ulivyokuwa.

Mswaki hauwezi kukusaidia huko. Gego lina nyuso tano: ule wa kutafunia, wa upande wa shavu, wa upande wa ulimi, na mbavu mbili zinazotazamana na majirani. Nywele za mswaki zinafika kwenye zile tatu za kwanza. Mbavu mbili zinabaki, na hata upige mswaki kwa nguvu ya kufulia jinzi hutazifikia. Utajeruhi fizi tu na kuukwangua mzizi.

Ukoga usipoguswa kwa siku chache huanza kushika madini ya mate na kuwa mgumu kama chokaa. Huo mgumu watu wengi huuita ugaga. Ukishafika hapo, hakuna kifaa cha nyumbani kinachoutoa. Lakini ukiwa bado laini, kitu chochote kinacholisugua jino lenyewe kinauvuruga. Neno ni kusugua. Nitalirudia nikifika kwenye maji ya chumvi.

Kuhusu damu. Ulitumia uzi siku mbili, ukaona damu, ukaacha. Nakuelewa, maana mtu akiona damu anadhani amejikata. Lakini ufizi wenye afya hautoki damu kwa kuguswa na uzi uliopitishwa taratibu. Ulitoka damu kwa sababu tayari ulikuwa umevimba, na ulivimba kwa sababu ya ukoga uliokaa hapo bila kuguswa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, walichapisha jaribio ambalo hadi leo hufundishwa kwenye vyuo vya meno. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kabisa. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zao zikavimba. Waliporudi kusafisha, fizi zikapona kwa muda wa kama wiki moja. Kwa hiyo wewe uliacha siku ya pili dawa ambayo ilihitaji siku saba mpaka kumi na nne. Ukianza tena, tegemea damu siku za mwanzo, ikipungua siku hadi siku. Ikiwa wiki mbili zimepita, unasafisha kila usiku kwa utaratibu, na damu bado inatoka pale pale, basi chini ya ufizi kuna ugaga, au jino lina tundu, na nyumbani hapamalizi kazi hiyo. Kama unavuta sigara, jua pia kwamba tumbaku hupunguza kutoka damu huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Kukosa damu kwa mvutaji si uthibitisho wa uzima.

Wenzako kazini wamekuambia mambo mawili, na yote nimeyasikia mara nyingi. La kwanza, kwamba uzi unaachanisha meno. Uzi wa meno unene wake ni sehemu ndogo ya milimita moja, unapita sekunde chache na kutoka. Jino limeshikwa kwenye mfupa. Haliwezi kuhamishwa hivyo. Kinachotokea ni kwamba fizi zilizokuwa zimevimba zinanywea na kurudi kwenye umbo lake, na nafasi ambayo uvimbe ulikuwa umeijaza inaonekana. Mtu anasema "uzi umeniletea mwanya", kumbe mwanya ulikuwapo na uvimbe ndio uliouficha.

La pili linafanana na hilo. Kusafishwa kwa mashine hakulegezi jino. Ugaga mwingi huwa umeyashika meno pamoja kama saruji, na chini yake mfupa umekwisha kupungua. Ukiondolewa, jino ambalo lilikuwa limelegea kitambo sasa linacheza wazi wazi, na mizizi iliyofunikwa na ugaga inasikia baridi kwa muda. Mtu aliyesubiri miaka kumi atausikia mlegeo huo kuliko aliyekwenda mapema. Huo ndio ukweli wote, na ningependa uwapelekee na hao wenzako, kwa sababu imani hii inawaweka watu mbali na tiba mpaka jino halina budi kung'olewa.

Kijiti nacho hakisogezi meno. Lakini kina madhara yake. Kati ya jino na jino kuna nyama ndogo ya ufizi iliyochongoka kama pembetatu, ndiyo inayoujaza mwanya. Kijiti cha mviringo kikichomekwa kwa nguvu kila baada ya mlo kwa miaka mitatu huikandamiza na kuijeruhi nyama hiyo, nayo hunywea. Nafasi ikiongezeka, chakula kinanasa zaidi, unachokonoa zaidi. Umo ndani ya mzunguko huo. Njiti ya kiberiti ni mbaya zaidi: mti wake unachanika, na kibanzi kikibaki ndani ya ufizi kinaweza kufanya jipu. Na kile kichwa chenye baruti hakina kazi mdomoni. Sindano, pini, kona ya kadi ya vocha, chelewa lililochomolewa kwenye ufagio na ukucha, vyote naviweka kundi moja na njiti hiyo.

Siwezi kukuambia usiguse kijiti maisha yako yote. Ukiwa kwenye nyama choma na kipande kimenasa, kukiacha kisindilie ufizi hadi usiku si jambo jema pia. Tumia kijiti kilaini, kiloweshe kwa mate kwanza, kilaze kikiegemea jino badala ya kukielekeza kwenye ufizi, na ukitoe chakula kwa kukisukuma kutoka upande wa ulimi kuja shavuni au kinyume chake. Usikizungushe. Kikishatoa kipande, kazi yake imekwisha. Kukitafuna saa nzima baada ya chakula ni mazoea tu, na ufizi ndio unaolipa.

Uzi wa meno unafaa zaidi pale meno yanapogusana kwa kubana, hasa ya mbele, na kwa mtu ambaye ufizi wake bado umeijaza nafasi yote. Wengi wanaousema haufai hawajaonyeshwa namna yake. Kata kipande cha dhiraa moja, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, kama sentimita 45. Zungushia sehemu kubwa kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja na kiasi kidogo kwenye kidole cha kati cha mkono wa pili, ubaki na sentimita 2 au 3 tu za kufanyia kazi, ukizibana kwa vidole gumba na vya shahada. Pitisha kwenye mguso wa meno kwa kuukereza kushoto na kulia. Ukiushindilia wima utashuka ghafla na kuukata ufizi, na nina shaka hilo nalo lilichangia damu yako. Ukishapita, hapo ndipo kazi inapoanza: upinde uukumbatie ubavu wa jino moja kama herufi C, ushushe mpaka ufizi uuzuie, kisha usugue juu na chini mara tano au sita. Uinue kidogo kuvuka ncha ya ufizi, uukumbatie ubavu wa jino la pili, usugue vile vile. Anayeingiza na kutoa tu amevuta chakula, ukoga ameuacha.

Kila nafasi itumie sehemu safi ya uzi. Ukiona uzi unakwama au kuchanika mahali pale pale kila usiku, usiulazimishe kurudi juu. Achia ncha moja uuvute utoke ubavuni, kisha uweke akilini mahali hapo, maana kuna ukingo wa dawa ya kuzibia uliobaki, ugaga au tundu. Ambaye vidole vyake vinatetemeka au ni vinene anaweza kuukata wa sentimita 30, akaufunga fundo mbili uwe kitanzi, na kukishika kitanzi kwa vidole vyote. Hesabu ya gharama ni rahisi: kikopo cha mita 50, ukikata sentimita 45 kila usiku, kinamaliza siku 111. Uzi wa kushonea nguo usiufanye mbadala wa kila siku. Ni mwembamba, mkavu, unakata ufizi na kukatikia katikati ya meno.

Brashi ndogo za katikati ya meno ndizo ninazotaka uzifikirie wewe hasa. Ni waya mwembamba uliozungushiwa nywele, kama brashi ya kusafishia chupa iliyofanywa ndogo kabisa. Sababu ya kuzipendelea kwenye magego iko kwenye umbo la jino. Ubavu wa gego karibu na mzizi haukunyooka. Una mbonyeo, kama mfereji. Uzi uliokazwa unaruka juu ya mfereji huo kama daraja na kuuacha ukoga chini yake. Nywele za brashi zinaingia ndani ya mbonyeo na kusugua. Kwa mtu ambaye mwanya umeshafunguka, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini brashi isiyo na ukubwa unaofaa ni hasara. Huuzwa kwa namba, ndogo kabisa ikiwa 0, na rangi zake hazifanani kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo usinunue kwa kukumbuka rangi. Inayokufaa inaingia kwa kubana kidogo, nywele zikigusa meno yote mawili, na waya hausikiki ukikwangua jino. Ukisikia chuma, ni kubwa. Ikipita bila kuisikia kabisa, ni ndogo. Usilazimishe: mahali ambapo hata ndogo kabisa haiingii ni mahali pa uzi. Watu wengi huhitaji saizi mbili, au brashi nyuma na uzi mbele, na hapo hakuna kosa lolote.

Kwa magego ya chini, usiasame sana. Ukiasama, shavu linakaza na mkono haufiki. Fumba mdomo nusu, ipinde shingo ya brashi kidogo kwa kidole, iingize kutoka upande wa shavu ikiwa imelala sambamba na ukingo wa ufizi, kisha isukume mbele na nyuma mara tatu au nne. Dawa ya meno haihitajiki juu yake. Usiizungushe ikiwa ndani, na usiipinde huku na huku, kwani waya utakatika. Ioshe kwa maji, iache wazi ikauke, itupe nywele zikilala au waya ukipinda. Kila mtu awe na yake, hata mke na mume.

Maji ya chumvi hayasugui. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu yanatuliza ufizi uliojeruhiwa na yanasukuma mabaki yaliyolegea, lakini ukoga unanata na hautoki kwa kusukutua, kama vile sufuria lenye ukoko lisivyosafishika kwa kulisuuza. Ndivyo ilivyo hata kwa vifaa vya umeme vinavyorusha maji kwa kasi: vinatoa chakula vizuri na vinapunguza damu kwa wengine, hasa wenye nyaya za kunyoosha meno, ila mtu mwenye mikono mizima hana haja ya kuingia gharama hiyo kwanza. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, kemikali ya kuua bakteria, ni ya muda mfupi, kwa maelekezo. Ukiitumia majuma mengi meno hupata madoa ya kahawia na ladha ya chakula hubadilika. Na mswaki wa mti, ule wa msuaki unaotumiwa sana pwani na Waislamu wengi kwa sunna, unasafisha vizuri nyuso za nje ukitafunwa ncha ikawa kama nywele, lakini nao hauingii katikati.

Kuna kitu lazima nikuambie kwa uaminifu. Ushahidi wa kitafiti juu ya vifaa hivi hauna nguvu ambayo matangazo yanaudai. Mwaka 2019 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio 35 yenye washiriki karibu 3,900. Waliona kwamba kuongeza uzi au brashi ndogo juu ya mswaki huenda kunapunguza uvimbe wa fizi kuliko mswaki peke yake, na kwamba brashi ndogo huenda zinauzidi uzi. Wenyewe waliuita ushahidi huo dhaifu, maana majaribio mengi yalikuwa ya muda mfupi na hayakupima kutoboka kwa meno. Ninapokushauri brashi, naegemea hapo, na naegemea zaidi kwenye umbo la gego na kile kinachoonekana fizi zinapokaguliwa. Atakayekuambia kifaa chake kimethibitishwa pasipo shaka kuzuia meno kuoza ubavuni, anakuuzia.

Kwa hali yako, ningefanya hivi. Kijiti kibaki cha dharura, njiti ya kiberiti iache leo. Kila usiku, mara moja, kabla ya mswaki: brashi ndogo kwenye magego yote ambako inaingia bila kulazimishwa, ukianza na pale penye taabu, na uzi kwenye meno ya mbele. Ukizoea, dakika tatu zinatosha. Kisha mswaki kwa dawa yenye floridi, tema povu, usisukutue kwa maji baada ya hapo ili floridi ibaki ikifanya kazi usiku. Maji ya chumvi, kama unayapenda, yahamishie mchana.

Mwanya kujifunga kunategemea ulitokana na nini. Kama tatizo ni tundu au jino lililozibwa vibaya, daktari akijenga ubavu wa jino upya mpaka uguse jirani yake, chakula kinaacha kunasa mara moja. Kama ni nyama ya ufizi iliyonywea, kipimo ni umbali kati ya mahali meno yanapogusana na kilele cha mfupa. Mtafiti wa fizi Tarnow na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba umbali ukiwa milimita 5 au chini ya hapo, ufizi karibu kila mara unaijaza nafasi. Ukiwa 6, kama nusu ya nafasi ndizo hujaa. Ukiwa 7, kama robo tu. Mfupa uliopungua haurudi kwa kusugua. Usafi unauzuia usiendelee kupungua.

Nenda kwa daktari wa meno au tabibu wa meno wa hospitali iliyo karibu ndani ya mwezi huu, hata kama damu itakoma. Usingoje mwezi ikiwa jino linacheza, usaha unatoka ukibonyeza ufizi, maumivu yanakuamsha usiku, au shavu limevimba. Uvimbe unaoambatana na homa, au unaokuzuia kufungua mdomo au kumeza, ni wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama una kisukari, au hujawahi kupima, pima: sukari iliyopanda huchochea ugonjwa wa fizi, na fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Ukifika, usiseme tu "nataka kusafishwa". Mwonyeshe magego yenyewe, mwambie chakula kinanasa hapo kwa miaka mitatu, omba apime kwa kipimo cha milimita kina cha nafasi kati ya ufizi na jino (hadi 3 ni kawaida, 4 na kuendelea inahitaji tiba), na muulize kama picha ya eksirei ya mbavu za magego hayo inahitajika. Nenda na brashi yako mfukoni, aithibitishe saizi hapo hapo kitini.